Deni la kinga: mbona watoto waliugua sana kifua kisha Covid

Hili neno "deni la kinga" lilitolewa na madaktari wa watoto wa Ufaransa mwaka 2021, na tangu lifike kwenye magrupu ya WhatsApp ya wazazi hapa Goma linazunguka likiwa limepindishwa, eti juu ya kunawa mikono sana na kuvaa kashene (barakoa) miili ya watoto ilisahau kupigana na magonjwa. Hapana, sio hivyo hata kidogo.

Tuchukue virusi ya VRS (kwa Kiingereza RSV), ile inaletaka bronkiolite, yaani kuvimba kwa vijia vidogo vya hewa kwenye mapafu, kwa watoto wachanga. Karibu kila mtoto duniani anakutana nayo kabla ya kufika miaka 2. Mtoto anazaliwa na kinga kiasi kutoka kwa mama yake, lakini inapungua ndani ya miezi michache tu, na mama naye kinga yake inapandaga kila mara akikutana tena na hiyo virusi. Sasa fikiria mwaka 2020, shule zimefungwa, mpaka na Gisenyi ya Rwanda umefungwa, safari za ndege zimesimama karibu kila nchi, virusi haipiti tena kutoka mtoto mpaka mtoto, mama hakutani nayo kwa hiyo anampa mtoto kinga kidogo, na yule wa mwaka mmoja ambaye angekuwa ameshaugua na kupona bado hajaiona kabisa. Watoto wa namna hiyo wanaongezeka mwezi kwa mwezi. Hilo njo deni, yaani hesabu ya watoto wote ambao bado hawajakutana na virusi, sio udhaifu wa mtoto mmoja mmoja.

Kule Australia Magharibi ilionekana vizuri sana. Kwenye baridi yao ya 2020 VRS ilishuka asilimia 98 hivi, na ilibaki chini hata shule zilipofunguliwa maana mipaka ilikuwa bado imefungwa, kisha mwisho wa mwaka, wakati wa joto ambapo hakuna mtu anaitegemea, ikapanda kupita kawaida na iliwakamata hata watoto wakubwa kidogo. Marekani nako ilirudi katikati ya joto la 2021, na mwisho wa 2022 hospitali za watoto zilijaa VRS na gripu (influenza) kwa wakati mmoja. Aina moja ya gripu, B/Yamagata, haijaonekana tena tangu Machi 2020. Lakini virusi za mafua ya kawaida hazikuondoka hata siku moja, ni ngumu, jeli ya alkoli haiziuwi vizuri.

Na sisi wa Goma kunawa hatukuanza na Covid. Tangu wakati wa Ebola, 2019, ndoo zenye robine na maji ya kloro zilikuwa kwenye milango, na kupimwa joto kabla ya kuingia tulikuwa tumeshazoea. Sabuni haikuharibu kinga ya mtoto yeyote, inazuia kuharisha na inazuia mengine mengi, tafadhali msiache.

Kitu kinaniuma ni wazazi wanaosema basi tumuache mtoto aambukizwe mapema alipe deni. Mtoto wa miezi 2 vijia vya hewa kwenye mapafu yake ni vyembamba sana, vikivimba na kujaa makamasi anakosa pumzi, wakati mwenzake wa miaka 2 anaweza kumaliza na kikohozi tu. Kuchelewesha ni faida kwake. Vifo vya VRS kwa watoto wadogo karibu vyote viko kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati kama yetu, penye oksijeni ni shida. Tangu 2023 kuna chanjo ya VRS ya mama mjamzito, OMS (Shirika la Afya Duniani) inaipendekeza.

Deni lenye kunitisha zaidi ni la chanjo zilizokosekana. Surua ya 2019 iliua watu zaidi ya 6,000 hapa Kongo, wengi wao watoto, na surua yenyewe inafutaka kinga mtoto alizokuwa nazo za magonjwa mengine, hapo njo mwili unasahau kweli. Karti ya chanjo iangaliwe, na ile ya pneumokoki (bakteria inayoletaka nimonia) pia, iko nchini tangu 2011.

Mtoto akikohoa mfunue kifua umuangalie akipumua. Ngozi ikiingia ndani chini ya mbavu, pua zikipanuka, akikataa ziwa au midomo ikigeuka bluu, mpeleke sentre ya afya usiku uleule.