Nyumba ya mali, nyumba ya maradhi: hivi nyumba za unajimu ni kitu gani?

Muulize mtu nyota yake atakujibu fasta, mi Simba, mi Nge, mi Mashuke. Sasa muulize Jua lako liko nyumba ya ngapi, uone atakavyokukodolea macho. Tumezoea utabiri wa magazetini na redioni, na kwa Tanzania wengi unajimu waliujulia kwa marehemu Sheikh Yahya Hussein, kwa hiyo nyota tunazijua ila nyumba ndo zinatupiga chenga, wakati maswali yanayowapeleka watu kwa mnajimu, afya yangu vipi, hela zitakuja lini, mbona najiona si kitu mbele za watu, yote hayo yanasomwa kwenye nyumba.

Tofauti ni hii. Nyota 12 ni vipande vya ile njia ambayo Jua linaonekana kuipita kwa mwaka mzima. Nyumba 12 ni vipande vya anga vinavyohesabiwa kuanzia upeo wa mashariki pale ulipozaliwa na dakika ile ile uliyozaliwa. Dunia inajizungusha nyuzi 360 kwa masaa 24, yaani nyuzi moja kila dakika 4, kwa hiyo kila baada ya masaa mawili hivi nyota nyingine inaanza kuchomoza na nyumba zote zinahama nayo. Watoto wawili wazaliwe wodi moja siku moja, mmoja alfajiri mmoja jioni, nyota yao moja lakini nyumba ni tofauti kabisa.

Kinachonifurahisha mimi ni kwamba Mswahili hahitaji kutafsiriwa majina ya hizi nyumba. Wanajimu wa Kiarabu waliziita, ukianza ya kwanza mpaka ya mwisho, nyumba ya nafsi, mali, ndugu, wazazi, watoto, maradhi, wake, mauti, safari, usultani, matumaini, na maadui. Karibu yote ni maneno ya kwetu ya kila siku! Hata kwenye ramli, ile ya kuchora nukta, nyumba ziko 16 na zile 12 za mwanzo zinafuata mpangilio huo huo. Kwa hiyo ukimsikia mzee anasema "nyumba yako ya maradhi imekaa vibaya", hasemi nyumba unayolala, anasema ya 6.

Tuanze na ya 2, mali. Hii ni mali unayoweza kuibeba au kuihesabu: mshahara, akiba, biashara yako, vitu vyako mwenyewe. Ardhi na shamba havimo, hivyo viko ya 4 kwa wazazi. Hela isiyo yako, mirathi, mkopo, hela ya mwenzi wako, iko ya 8, kwa sababu ya 8 ni ya pili ukihesabu kutoka ya 7 ambayo ni ya ndoa. Wagiriki wa kale, nyumba hii ya 2 tunayoililia sote waliiita Mlango wa Kuzimu, sijui walikuwa wanadaiwa na nani.

Na kujithamini kumeingiaje hapo? Ukisoma vitu vya siku hizi utaambiwa nyumba ya 2 ni ya hela NA ya thamani yako kama mtu, kana kwamba imekuwa hivyo tangu enzi za Babeli. Hapana. Hilo limeingia karne ya 20, wanajimu wa Ulaya na Marekani walipoanza kuchanganya unajimu na saikolojia, wakasema mtu anavyojithamini ndivyo anavyopanga bei ya kazi yake, ndivyo anavyoweka akiba au kutapanya. Kwa Kiswahili inaingia akilini haraka maana neno ni moja tu, thamani ya gunia la mchele na thamani ya mtu. Mimi naona hoja ina ukweli nusu. Fundi anayejidharau kweli anatoza bei ya kutupa, lakini nimeona pia watu wana hela za kumwaga na bado wakikosa kusifiwa siku moja hawalali.

Wale wa zamani hawakuchanganya hivyo. Wewe mwenyewe, mwili wako, nguvu zako, tabia yako, uko nyumba ya 1, ya nafsi, na uzima unaangaliwa hapo kwanza kabla ya kwenda kokote. Alafu walikuwa na kanuni moja nzuri sana: kuna nyumba nne ambazo "hazioni" nyumba ya 1, hazina pembe inayounganika nayo, nazo ni ya 2, 6, 8 na 12. Kwa hiyo mali na nafsi ni majirani ukuta kwa ukuta ila hawaonani.

Sasa ya 6, maradhi. Wagiriki waliiita Bahati Mbaya na wakasema Mirihi, sayari ya moto na visu, ndo inajisikia raha humo. Zamani ilikuwa pia nyumba ya watumwa na watumishi, leo wanajimu wanaisoma kama kazi ya kila siku, ratiba, unakula nini unalala saa ngapi, yaani vile vitu vidogo vinavyokuua taratibu. Wahindi wanaipa vitu vitatu, magonjwa, madeni na maadui, vyote chumba kimoja. Aliyewahi kulazwa akatoka na bili mkononi huku ndugu wamezima simu anawaelewa vizuri tu.

Na hapa ndo afya na hela zinakutana: nyumba ya 2, 6 na 10 zinafanya pembetatu, kila moja iko nyuzi 120 kutoka mwenzake. Mali, jasho la kila siku, na cheo. Mnajimu akiona sayari nzito kama Zohali kwenye ya 6 atakwambia unachuma kwa kujichosha, mwili unalipa.

Je, ni kweli? Mwaka 1985 jarida la Nature lilichapisha jaribio la Shawn Carlson, wanajimu walipewa chati, yaani mchoro wa Jua na sayari zilivyokaa mtu alipozaliwa, waoanishe na maelezo ya wenye chati, wakapata kama mtu anayebahatisha tu. Na Waislamu na Wakristo wengi wanakwambia utabiri haufai kabisa, hilo mtajuana na imani yenu. Ila ukiumwa nenda hospitali, nyumba ya 6 haipimi malaria.

Kama bado unataka kuangalia chati yako, angalia saa kwanza. Binamu yangu alizaliwa saa tisa usiku, akaingiza 9:00 kwenye apu ya simu, apu ikaelewa saa tatu asubuhi. Masaa sita kosa, nyumba tatu zimeruka. Huku kwetu karibu na ikweta Jua linachomoza saa kumi na mbili au karibu yake, kwa hiyo hesabu ni rahisi hata bila apu: aliyezaliwa kati ya saa nane na saa kumi usiku, muda wa daku, Jua lake kwa kawaida liko nyumba ya 2, na aliyezaliwa giza linapoingia, kuanzia Magharibi mpaka kama saa mbili usiku, liko ya 6. Binamu alikuwa anatamba kwamba Jua lake liko ya 11. Nikamrekebishia ile saa, Jua likarudi ya 2. Miaka yote hiyo mali yake alikuwa anaisoma kwenye matumaini.