Khoo Kongsi: nyumba ya mababu iliyofichwa nyuma ya nyumba

Nikiulizwa lipi la kuanza nalo kati ya majengo ya kale ya George Town, kisiwani Penang, Malaysia, nasema Khoo Kongsi, jumba la ukoo wa Kichina wa Khoo. Ila ukiwa barabarani hulioni. Unapita kichochoro katikati ya nyumba za ukoo zilizoshikana ukuta kwa ukuta, mara unatokea kwenye uwanja wa mawe na jengo zima liko usoni pako.

Halikufichwa hivyo kwa bahati. Akina Khoo walitoka kijiji kimoja cha Fujian, kusini mwa China. Karne ya 19 koo za Kichina za Penang zilikuwa na mkono katika vyama vya siri, na mwaka 1867 vyama hivyo vilipigana mitaani siku kadhaa. Mwenye maadui hujenga pa kuingilia padogo. Kwangu mimi hii ni ngome kwanza, madhabahu baadaye.

Ukumbi wa mwanzo ulikuwa tayari 1851. Baadaye ukoo ukajenga mwingine wa fahari, ukateketea 1901. Watu wakanong'ona kwamba miungu imekasirika: nani kawatuma kuiga kasri la mfalme? Wakajenga upya, wakamaliza 1906, na inasimuliwa kwamba safari hii walijipunguza. Ukiliona paa la sasa utajiuliza walipunguza nini.

Paa hilo ndilo linalonichelewesha kila nikienda. Majoka, maua na ndege wa kule juu hawakuchongwa. Fundi alikata bakuli za kauri za rangi kwa koleo, kipande kwa kipande, akavibandika kwenye umbo la chokaa. Kwetu Kunduchi, makaburi ya kale yalipambwa kwa vyombo vya Kichina vilivyopachikwa vizima kwenye chokaa. Penang wanavikata kwanza.

Ukumbi wenyewe uko ghorofani. Katikati ni miungu walinzi wa ukoo, ubavu mmoja ni mungu wa neema, na ubavu wa pili vibao vya mbao vyenye majina ya marehemu. Mlangoni wamesimama Makalasinga wa mawe, maana matajiri wa enzi hizo waliajiri Makalasinga kulinda milango yao.

Ng'ambo ya uwanja kuna jukwaa la opera. Limeelekezwa ukumbini, kwa kuwa wanaochezewa ni miungu na mababu. Sisi wengine tunasimama uwanjani, katikati yao, tukitazama mchezo wa wenyewe.