Maji Yakishachemka, Mkaa wa Ziada Hauivishi Maharage

Nimefundisha fizikia kwa miaka mingi, na hakuna dhana ambayo wanafunzi wangu huikataa kuliko hii: maji yakishachemka katika sufuria iliyo wazi, jotoridi lake, yaani kiwango cha joto kinachosomwa kwenye kipimajoto, halipandi tena, hata ukijaza mkaa jiko zima. Huikataa kwa sababu wameona wenyewe maji yakitokota kwa fujo moto unapochochewa, na ni vigumu kuamini kwamba fujo yote ile haiongezi hata nyuzi moja.

Basi tulipima. Hapa Dar es Salaam tulibandika sufuria ya maharage, tukalaza mwiko juu ya mdomo wake, tukaning'iniza kipimajoto kwa uzi ili ncha yake izame majini bila kugusa chini. Kilipanda mpaka karibu na nyuzi 100, kikatulia. Tukaongeza mkaa na kupepea kwa bidii. Viputo viliongezeka, mvuke ukatanda jikoni, maji yakapungua upesi mno, lakini kipimajoto hakikusogea.

Joto na jotoridi ni vitu viwili. Jotoridi hutueleza jinsi molekuli, yaani chembe ndogo mno za maji, zinavyokwenda mbio, ilhali joto ni nishati inayohama kutoka kwenye moto kuingia majini. Kuchemsha kilo moja ya maji kutoka nyuzi 25 hadi 100 huhitaji kilojuli 315 hivi. Kuyageuza maji hayohayo yote kuwa mvuke huhitaji takriban kilojuli 2,260, yaani zaidi ya mara saba. Nishati hiyo hutumika kuzibandua molekuli zinazovutana, ndiyo maana kipimajoto hakiioni. Maharage nayo hulainishwa na jotoridi la maji pamoja na muda, wala hayajali wingi wa viputo. Ukifunika sufuria na kupunguza mkaa mpaka maji yachemke polepole, yataiva kwa muda uleule, na mkaa uliobaki utapikia chakula cha jioni. Kwa bei ya mkaa ilivyo, naona somo hili lilistahili kufundishwa jikoni kabla ya maabara.

Kiwango hicho cha nyuzi 100 si cha kila mahali. Maji huchemka pale kanieneo (presha) la mvuke wake linapolingana na kanieneo la hewa iliyo juu yake, na kadiri unavyopanda mlima ndivyo hewa hiyo inavyopungua. Njombe, ambako mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi. Mgeni aliyetoka pwani hulaumu maharage kwamba ni ya zamani au ni magumu, kumbe anayapika katika maji yasiyo na jotoridi alilolizoea, na hakuna kuni zitakazomsaidia kulipandisha. Sufuria ya presha hulipandisha, kwa kuufungia mvuke ndani mpaka kanieneo lifike takriban mara mbili ya lile la kawaida, na maji yafike karibu nyuzi 120 kabla ya kuchemka. Ndiyo maana nawasihi wapishi wasubiri mvuke wote utoke kabla ya kufungua: maji ya nyuzi 120 yakiondolewa kanieneo ghafla huchemka kwa kishindo na kumrukia mtu usoni.

Joto lilelile linalopotea na mvuke jikoni ndilo linalotupozea maji kwenye mtungi wa udongo. Maji hupenya taratibu katika vitundu vya udongo, yakafika nje na kugeuka mvuke, na joto la kufanya hivyo huchukuliwa kutoka kwenye maji yaliyobaki ndani. Wakati wa masika, hewa inapokuwa imejaa unyevu, ukuta wa mtungi huendelea kulowa lakini maji hayapoi sana, kwa kuwa mvuke hauondoki upesi. Ndoo ya plastiki iliyo kando yake haitoi jasho kabisa, na maji yake hubaki na jotoridi la chumba.