Burren ni nini?

Katika karne ya 17, Edmund Ludlow, jenerali wa jeshi la Cromwell, kiongozi wa Uingereza aliyeivamia Ireland, alipita Burren, eneo la miamba kaskazini mwa County Clare, magharibi mwa Ireland, akaandika kwamba huko hakuna maji ya kutosha kumzamisha mtu, wala mti wa kumnyongea, wala udongo wa kumzikia. Maneno hayo hunukuliwa kila mara Burren inapotajwa. Kinachosahaulika ni alichoongeza papo hapo: ng'ombe wa huko wamenona sana, kwa sababu majani yanayoota kati ya mawe ni matamu. Kwangu mimi, maana ya Burren imo katika nusu hiyo ya pili.

Jina limetoka katika Kiayalandi, boireann, yaani mahali penye mawe. Msomaji anayetoka kijiji kiitwacho Maweni hahitaji mkalimani.

Mawe hayo ni ya chokaa. Yalijijenga zaidi ya miaka milioni 320 iliyopita chini ya bahari yenye joto, wakati eneo hilo likiwa karibu na ikweta, na mpaka leo matumbawe yaliyogeuka jiwe yanaonekana humo. Barafu nzito ya zama za kale ilikwangua ardhi, kisha mvua ikaendelea na kazi. Maji ya mvua yana asidi kidogo, na asidi hiyo huila chokaa polepole, hasa penye nyufa. Ndiyo maana mwamba wa Burren umekatikakatika kama sakafu ya vigae vikubwa. Wanajiolojia huita ardhi ya aina hii karsti. Mapango ya Amboni, Tanga, nayo yamechongwa na maji ndani ya chokaa.

Mto wa juu ni nadra, maji huzama. Kuna hata maziwa yanayokuja na kuondoka, yaitwayo turlough: mvua zikizidi, maji hupanda kutoka chini ya ardhi na kujaza bonde; zikipungua hushuka kwa matundu yaleyale, na mifugo ikarudi kulisha mahali palipokuwa ziwa.

Ukiinama juu ya ufa mmoja utaona majani ya kangaga yakiwa mabichi gizani, yamejikinga na upepo wa Atlantiki. Hatua chache mbele, mwezi wa Mei, kuna ua dogo la buluu iliyokolea, jentiana, ambalo watu wengi hulijua kama ua la milima ya Alps. Mimea ya Aktiki na okidi za nchi za Mediterania huota hapa bega kwa bega.

Na maua hayo yanategemea ng'ombe. Kwingi barani Ulaya mifugo hupandishwa milimani kiangazi. Huko Burren hupandishwa majira ya baridi. Miamba huhifadhi joto la kiangazi na kulitoa taratibu, na ardhi haigeuki tope. Ng'ombe hula majani makavu, na vichaka vya hazeli havisambai ovyo. Wakiteremshwa kabla ya kiangazi, maua hupata mwanga na nafasi ya kuchanua. Wafugaji wakiacha, vichaka hufunika kila kitu.

Kwa hiyo si nyika isiyoguswa. Huko Poulnabrone kuna kaburi la mawe la wakulima wa kwanza, lenye umri wa zaidi ya miaka 5,000: bamba moja kubwa juu ya mawe yaliyosimamishwa. Uchimbaji ulioanza 1986 ulikuta mifupa ya watu wengi, watoto wakiwemo.

Wageni wengi huja Clare kwa ajili ya Cliffs of Moher, magenge yanayofika mita 214 juu ya bahari. Yanastahili, ingawa mwamba wake ni mwingine. Ukifika, tenga siku ya Burren pia, na usiokote mawe kujengea vikaburi vya mchezo. Wageni hufanya hivyo, na kila jiwe linalong'olewa huharibu sakafu hiyo na mimea iliyojishikiza humo.