Zarinfam sio dhahabu jamani

Naomba hili tuliweke sawa maana nimelisikia mara nyingi mno. Zile sahani zinazong'aa kidhahabu kwenye jumba la makumbusho la Abgineh, la vioo na vyombo vya udongo, kule Tehran, ambazo watu wakionyeshana picha lazima mmoja aseme "cheki vyombo vya dhahabu", hazina dhahabu. Zinaitwa zarinfam, yaani chombo cha udongo kilichochorwa kwa fedha na shaba kikachomwa kwenye moshi. Basi, maana yake ndio hiyo.

Jina ndilo linalochanganya, kwa Kiajemi zarrin ni ya dhahabu na fam ni rangi, kwa hiyo jina lenyewe limetaja rangi tu. Fundi alikuwa anachoma sahani kwanza na utando wake mweupe wenye bati mpaka inapata ngozi kama ya kioo, ikishapoa anachora juu yake kwa fedha na shaba zilizokorogwa na udongo mwekundu, halafu inarudi tanurini kwa moto mdogo zaidi na hapo anabana hewa makusudi, moshi unajaa, unanyang'anya oksijeni, na ile fedha na shaba inabaki chembechembe ndani ya utando. Ikitoka inaonekana chafu tu. Anafuta ule udongo ulioungua ndio mng'ao unatokea, na ukisogea pembeni kidogo rangi inahama, mara kahawia, mara dhahabu, mara kijani. Dhahabu haifanyi hivyo!

Mabingwa walikuwa watu wa Kashan, mji wa Iran, karne ya 12 na 13, ila ufundi ulianzia kwenye vioo, Misri na Sham (upande wa Syria), karne ya 8, ndio wafinyanzi wa Iraki wakauchukua karne ya 9. Ndio maana napenda sana vioo na udongo kukaa nyumba moja pale Abgineh, na nyumba yenyewe ilikuwa ya Ahmad Qavam aliyewahi kuwa waziri mkuu, ikaja kuwa ubalozi wa Misri, kisha ikafunguliwa kama makumbusho 1980 ikiwa na makabati aliyobuni Hans Hollein wa Austria.

Kama unataka dhahabu yenyewe tafuta lajvardina, vile vya buluu iliyokoza, huko walikata dhahabu nyembamba kama karatasi wakaibandika juu. Hivyo viite vya dhahabu, sitakubishia. Hizi nyingine tuziite tu zarinfam.