Zoni ya Minova si zoni ya wazee wetu

Nimesikia tena hapa Goma, kwenye mjadala wa redio: eti "mkubwa wa zoni ya Minova" aje kutatua ugomvi wa mipaka ya mashamba. Mkubwa huyo ni daktari, maana Minova, mji mdogo wa Kivu Kusini hapa Kongo, ni zoni ya afya tu.

Zoni ya zamani, ile ya utawala, ni teritwari (sehemu ya utawala iliyo chini ya jimbo) kwa jina la enzi ya Zaire. Basi. Sheria ya Januari 1973 ilibadilisha ngazi zote: jimbo likawa rejioni, distrikti ikawa su-rejioni, teritwari ikawa zoni, na usultani (eneo la chifu wa jadi) pamoja na sekta zikatiwa kapu moja la kolektivite. Hata komini za mjini ziliitwa zoni, Ibanda na Kadutu kule Bukavu zikiwemo, ndiyo maana ikabidi kusema zoni ya vijijini. Aliyeiongoza alikuwa komiseri wa zoni, na wazee wanakumbuka vizuri jinsi alivyoogopwa.

Ukipata kitambulisho cha mzee wa Minova cha kabla ya 1988, soma mistari yake: kolektivite Buhavu, zoni Kalehe, su-rejioni Kivu Kusini, rejioni Kivu. Leo hakuna hata mmoja unaosimama jinsi ulivyoandikwa. Kivu iligawanywa mwaka 1988 ikazaa Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema. Mobutu alipoanguka 1997 majina ya zamani yalirudi, na dekreti (amri ya serikali) ya Julai 1998 ikayatia muhuri. Kalehe ni teritwari tena, na Buhavu ni usultani.

Zoni ya afya ni jambo lingine kabisa. Ilizaliwa miaka ya 1980: mwaka 1985 nchi ilikatwa vipande 306, leo ni 519, wakati teritwari ni 145 tu. Waliokata walitazama idadi ya watu na umbali wa kufika hospitali kuu. Ndiyo sababu teritwari moja ya Kalehe ina zoni za afya nne: Kalehe, Minova, Bunyakiri na Kalonge. Hapo kwenye jina la Kalehe ndipo watu wanapoteleza, hata waandishi wa habari. Wanachukua hesabu ya wagonjwa wa kipindupindu wa zoni ya afya ya Kalehe, wanatangaza kwamba ni ya teritwari nzima, na wagonjwa wa Minova wanapotea kwenye karatasi. (Kuna wanaofanya kinyume pia, sijui lipi ni baya zaidi.)

Kwa hiyo, ndugu wa redioni, Minova iko kwenye grupma (kundi la vijiji) ya Buzi. Ugomvi wa shamba anzeni nao kwa chifu wa grupma, ukishindikana pandeni kwa mwami (mtawala wa jadi) wa Buhavu, kisha kwa administrateri wa teritwari kule Kalehe. Daktari mkuu wa zoni muiteni siku ya chanjo.