Kalsiamu, seli za kinga na lupasi: maswali ya wagonjwa wa Moshi na Arusha

Mgonjwa wa lupasi akisoma kwamba kalsiamu inahusika na ugonjwa wake, kitu cha kwanza anachoacha ni maziwa, cha pili ni vidonge vya mifupa. Linaniumiza hilo, kwa sababu alichosoma ni kweli, ila kalsiamu inayosemwa pale siyo ya kwenye kikombe. Ni ishara iliyomo ndani ya seli.

Lupasi ni ugonjwa gani?

Ni ugonjwa ambao kinga ya mwili inaushambulia mwili wenyewe. Katika kila wagonjwa kumi, tisa hivi ni wanawake, wengi wao wa umri wa kuzaa. Dalili zake ni uchovu, maumivu ya viungo, homa, nywele kukatika, vidonda mdomoni, na wekundu au weusi unaotanda puani na mashavuni. Hauambukizi. Homa ikiwa inarudi kila mara na kipimo cha malaria hakioni kitu, mwambie daktari wazi kwamba na viungo vinauma, ili asiishie kwenye malaria na taifodi tu.

Hiyo kalsiamu inafanya nini ndani ya seli?

Tuchukue seli T, mojawapo ya chembe nyeupe za damu. Ikiwa imetulia, kalsiamu iliyo huru ndani yake ni kidogo mno; nje ya seli ipo takriban mara 10,000 zaidi. Seli inaitunza tofauti hiyo usiku na mchana, na ndiyo maana kalsiamu ikiingia kidogo tu, seli nzima inapata habari.

Seli T ikitambua kipande cha kijidudu, kwanza inafungua ghala lake dogo la kalsiamu lililo ndani. Ghala likipungua, protini iitwayo STIM1 inahisi, inajisogeza hadi kwenye utando wa seli na kufungua mlango uitwao ORAI1. Hapo kalsiamu ya nje inamiminika. Aliyekulia Machame au Marangu akiujua mfongo, yaani mfereji wa Wachagga wa kumwagilia, ataelewa upesi: bwawa dogo la chini likipungua ndipo lango la juu linafunguliwa, maji yakaja kwa wingi hadi migombani.

Kalsiamu iliyoingia inaamsha kimeng'enya kiitwacho kalsinurini. Nacho kinaiachilia protini NFAT iingie kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni, ikiwemo ya interlukini-2, ujumbe unaozifanya seli T ziongezeke. Mwaka 2006 watafiti waliutambua mlango wa ORAI1 kwa kuchunguza watoto waliozaliwa ukiwa haufanyi kazi. Watoto hao walikuwa na seli T, lakini haziamki, na maambukizi yakawaweka katika hatari ya kufa. Naitaja habari hiyo kwa makusudi, maana wapo wanaodhani ishara hii ni ya kuzimwa kabisa. Bila hiyo hakuna kinga.

Kwa mgonjwa wa lupasi, kinachoharibika ni nini?

Kipokezi cha seli T, yaani kile kinachotambua kijidudu, kina sehemu iitwayo zeta. Kwa wagonjwa wengi wa lupasi sehemu hiyo hupungua, na nafasi yake inashikwa na protini nyingine inayopitisha ishara kwa nguvu zaidi. Matokeo yake kalsiamu hupanda upesi kuliko kawaida, na hupanda juu zaidi. Seli inashtuka kwa jambo dogo.

Ungetegemea basi interlukini-2 iwe nyingi. Inakuwa kinyume: hupungua. Kalsiamu hiyo hiyo inaamsha kimeng'enya kingine, CaMK4, ambacho kwenye seli za lupasi kimezidi. Hicho hupeleka kwenye jeni ya interlukini-2 protini inayoizima. Na hapa ndipo penye uzito wote, kwa maoni yangu, kwa kuwa interlukini-2 ndiyo inayozitegemeza seli T dhibiti, zile zenye kazi ya kutuliza wenzao. Zikikosa ujumbe huo zinalegea, na zile zinazotoa interlukini-17, ujumbe mwingine, na kuchochea uvimbe zinapata nguvu. Kwa upande mwingine seli B, chembe nyeupe za damu za aina nyingine, zikisaidiwa na seli T zilizochachamaa, hutengeneza kingamwili dhidi ya DNA ya mwenye mwili. Kingamwili hizo zikinasa kwenye vichujio vya figo, figo zinaumia.

Kwa hiyo niache maziwa na dagaa?

Hapana, dada yangu, usiache. Kalsiamu ya damu inasimamiwa na homoni na vitamini D. Unywe maziwa usinywe, mwili unaishikilia katika kiwango chembamba sana. Ukila kidogo, mwili unaichota kwenye mifupa. Kikombe cha mtindi hakifungui mlango wa ORAI1.

Mgonjwa wa lupasi anaihitaji kalsiamu kuliko jirani yake. Prednisoloni, dawa ya homoni (steroidi) ya kutuliza uvimbe, ikitumika muda mrefu hudhoofisha mifupa. Tena anaambiwa ajikinge na jua, kwa sababu mionzi yake huamsha ugonjwa, hivyo ngozi inatengeneza vitamini D kidogo. Mtu mzima huhitaji kalsiamu miligramu 1,000 hadi 1,200 kwa siku, na kikombe cha maziwa cha mililita 250 kina kama 300. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao ni chakula kizuri mno kwa hili. Kama figo zimeshaguswa, kiasi cha vidonge akipange daktari wako.

Na wingu lisikudanganye. Moshi ya Julai inaweza kufunikwa siku nzima, lakini mionzi inapita kwenye wingu. Kofia pana, kanga na mikono mirefu viendelee.

Kuna dawa zinazogusa njia hii ya kalsiamu?

Zipo. Takrolimasi na siklosporini huzuia kalsinurini: kalsiamu inaingia, lakini NFAT haifiki kwenye kiini. Ya tatu, voklosporini, iliidhinishwa Marekani Januari 2021 kwa ajili ya lupasi ya figo. Dawa hizi zinaweza kupandisha presha, kutetemesha mikono na kuzielemea figo zenyewe, kwa hiyo damu hupimwa mara kwa mara. Usile balungi unapotumia takrolimasi au siklosporini, maana linaongeza dawa kwenye damu.

Haidroksiklorokwini inafanya kazi kwa njia nyingine, na ndiyo dawa ambayo karibu kila mgonjwa wa lupasi anapaswa kuwa nayo. Ni ndugu wa klorokwini, ambayo Tanzania iliacha kuitumia kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001, na wazee wanaikumbuka kwa kuwasha. Mtu asikwambie umepewa dawa ya malaria kimakosa. Pimwa macho unapoanza, kisha kila mwaka baada ya miaka mitano, au mapema zaidi kama figo ni dhaifu. Ukipata ujauzito usiiache bila kuzungumza na daktari. Kwa kawaida huendelea.

Prednisoloni ndiyo hatari zaidi kukatisha ghafla, kwani mwili uliozoea kupewa homoni hiyo unaweza kuzimia bila yake. Wengi tunakumbuka 2011, watu walipopanga foleni ndefu Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Babu, na baadhi yao wakaweka dawa zao pembeni. Imani yako ni yako, na sala haizuiwi. Kidonge kimeze.

Baridi ya Juni vidole vyangu vinakuwa vyeupe, kisha bluu. Nimepewa nifedipini, nikaambiwa inazuia kalsiamu. Itatuliza na lupasi?

Itasaidia vidole tu. Nifedipini na amlodipini hufunga milango ya kalsiamu kwenye misuli ya mishipa ya damu, mishipa ikalegea na damu ikapita. Mlango wa seli T ni mwingine kabisa. Vaa glavu na soksi nzito asubuhi za Arusha, na sigara usiiguse.

Maji yetu yana floraidi. Ndiyo yaliyoniletea lupasi?

Maji ya sehemu nyingi kuzunguka Meru yana floraidi nyingi, na huharibu meno, hata mifupa ikauma. Huo si lupasi. Lakini mtu anaweza kuwa na yote mawili, hivyo maumivu ya mifupa yasihukumiwe kwa kutazama meno.

Nitajuaje kama figo zimeguswa?

Mara nyingi hutajua, na hilo ndilo linalonitia hofu kuliko yote. Haziumi. Povu la mkojo lisiloisha, uso kuvimba asubuhi, miguu kujaa na presha kupanda ni dalili za kuchelewa kidogo. Kipimo cha mkojo cha kijiti hugundua protini mapema, na ni rahisi. Omba mkojo na presha vipimwe kila unapokwenda kliniki, hata siku unayojisikia mzima, na protini ikionekana omba rufaa. Kwa Kanda ya Kaskazini hospitali ya rufaa ni KCMC, Moshi. Nenda na majibu ya vipimo vya zamani na dawa zote unazotumia, pamoja na za mitishamba.